Galeri ya ville: mtoto haingii bila muzazi. Na kama nimemutuma?

Mama wa Ruashi

Jambo bandugu. Niko na swali na moyo unaniuma, munivumilie kama maneno inakuwa mengi.

Ile galeri mupya ya maduka ya ku ville, hapa Lubumbashi, jina sitaji, toka wiki mbili wamebandika karatasi ku mulango: mwenye hajatimiza miaka 18 haingii bila muzazi kuanzia saa kumi, na wikendi ni siku nzima. Mimi sikujua. Jumamosi nikamutuma binti yangu, ana miaka 16, akachukue dawa ya presha ya bibi yake kwenye famasi ya mule ndani, juu ya huku kwetu ilikuwa imeisha. Nilimupatia ordonansi ya munganga, na kile kikaratasi cha vidonge chenye kilibaki na viwili tu ili asikosee jina, na makuta nimehesabu kamili. Sentineli akamuzuia. Mtoto akaonyesha ordonansi, hapana. Akaonyesha kile kikaratasi cha vidonge, hapana. Basi akasimama pale inje ku jua karibu saa nzima anaomba watu wakubwa wenye wanaingia wamununulie, mpaka mama mumoja asiyemujua njo akachukua makuta, akaingia, akamuletea dawa na chenji yote. Mungu amubariki ule mama. Lakini muone: wanasema wanakinga watoto, na wa kwangu wamemuacha ku barabara anawapa makuta watu asiowajua.

Kuna sheria ya Leta (serikali) yenye inaruhusu hii? Na nyinyi wazazi wengine munafanyaje?

Papa wa Kampemba

Mama, pole sana kwa binti. Lakini mimi ile karatasi niliipokea vizuri, nakuambia ukweli. Siku moja ya Mungu tulitoka kanisani na mama yangu muzazi, tukapita pale tumununulie ayiskrimu, vijana kama makumi tatu wamejaa ku ngazi ya umeme wanajichukua video, wengine wanaipanda kwa kurudi nyuma, wanasukumana, mama akaanguka goti likapasuka. Hakuna hata mumoja alishuka kumuinua, walikimbia wote. Toka siku hiyo mama hataki tena kusikia jina ya galeri. Sasa mwenye duka afanye nini? Watu wenye kununua wanakimbia, na wale vijana hawanunui kitu, wanakuja kuzunguka tu.

Nasoma 4e humanités (sekondari)

Shikamoo wakubwa. Naomba niseme juu ya njo sisi tunafukuzwa. Tunaenda kuzunguka, ni kweli, lakini si kuzunguka tu. Kwetu Katuba umeme unaweza kukatika siku tatu, simu yangu naichaji pale, na note za chimi profesa anatutumia ku WhatsApp, sasa nisome wapi kama giza imeingia? Pale juu kuna viti karibu na vyoo, mwangaza iko, tunakaa watatu tunasoma kimya. Tena asubuhi wakituona sentineli wanasema "munatoroka masomo", kumbe masomo yangu ni ya apremidi, naanza saa saba na nusu, asubuhi niko huru, nani hajui kama masomo mengi ya Lubumbashi ni ma-vakasyo mbili, wamoja asubuhi, wengine apremidi? Wale wa ngazi ya umeme mimi siwatetei, papa, pole kwa bibi. Lakini wafukuze wale wenye kusukumana. Sura yangu na yao si moja.

Mulinzi wa zamani

Nilifanya kazi ya mulango miaka mine, si pale, mahali pengine. Niwaambie vile inafanyika kweli. Karatasi inasema 18, lakini mulinzi anajua aje miaka? Huku kwetu mtu mukubwa anaonyesha karte ya electeur, ile ya kuchagulia, na kwa kawaida hauipati mbele ya miaka 18. Mtoto anabaki na karte ya eleve kama masomo imemupatia, ama actedenesansi, karatasi ya kuzaliwa, yenye mama ameficha chini ya godoro ndani ya sasheti. Kwa hiyo unaangalia sura. Na nikisema sura, nasema viatu. Mtoto ameshuka ku jipu, anaongea Kifaransa cha puani, unafungua mulango hata kama ana miaka 13. Mwingine amekuja na mguu toka komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, sandali imekatika ikashonwa na waya, huyo njo unamuuliza wazazi wako wapi. Hakuna mtu alinifundisha hivyo, lakini nilifanya, na mpaka leo kuna mutoto mumoja mwenye nilimurudisha mara tatu, kumbe baba yake alikuwa anauza ku duka mule mule ndani.

Tena mujue, kitu kikiibiwa, makuta inakatwa ku mushahara wa mulinzi. Njo maana anakataa wote, ordonansi ama hapana. Musimukasirikie sana yule sentineli, mukasirikie mwenye aliandika karatasi bila kumuambia nani apite.

Niko Minnesota

Mimi mwana Lubumbashi, nakaa huku Marekani na ile sheria naijua kwa mulango wake. Mall of America iko hapa Bloomington, ilifunguliwa 1992, na Oktoba 1996 njo waliweka kwamba mwenye chini ya miaka 16 asiingie Ijumaa na Jumamosi jioni bila mtu mukubwa wa miaka 21 ama zaidi. Watu wa haki za raia walipiga kelele siku zile, wakasema itawaangukia vijana weusi mbele ya wote. Sheria ilibaki, na mall zingine zikafuata. Kule New Jersey, Garden State Plaza ya Paramus ilianza mwaka 2023, chini ya 18, Ijumaa na Jumamosi toka saa kumi na moja jioni. Uingereza nako, Bluewater mwaka 2005 walikataza watu wenye kuvaa kofia ya sweta ku kichwa.

Lakini muangalie tofauti. Huku mtoto wa miaka 16 anaweza kuwa na leseni ya gari, mulinzi anasoma mwaka wa kuzaliwa, imeisha. Na mtoto wa huku hatumwi dawa ya bibi na mguu, anaenda mall kujifurahisha, akirudishwa amekosa sinema tu. Hapo Lubumbashi mtoto wa miaka 15 njo anabeba nyumba: maji, sokoni, makuta ya M-Pesa, famasi. Wamechukua karatasi ya watu wakaibandika ku mulango wetu, hata saa hawakupima.

Muzee wa Kamalondo

Baba yangu alikuwa anatuhadisia, wakati wa Wabeleji mtu mweusi usiku hatembei ku ville bila karatasi ya bwana wake. Kati ya ville na sisi wa Kamalondo waliacha uwanja mutupu, walikuwa wanauita zone neutre. Siseme ni kitu kimoja. Nasema tu nikisikia mutoto wetu anasimamishwa ku mulango ya ville anaulizwa "wewe wa nani", mwili wangu unasisimuka.

Nasoma droit (sheria) UNILU, univesite ya Lubumbashi

Mama, juu ya swali lako: sheria ya 10 Januari 2009 ya kukinga mtoto inasema mtoto ni kila mtu mwenye hajatimiza miaka 18, na haijakataza mtoto kuingia ku duka. Ile karatasi ni amri ya mwenye nyumba, si ya Leta. Sasa amri ya mwenye nyumba munaweza kumuomba aibadilishe. Andikeni barua, muiombe risiti.

Mama wa Ruashi

Aksanti kwa wote. Papa wa Kampemba, pole kwa mama, goti likapone. Nimeongea na wamama wane wa kanisa, kumbe wawili watoto wao walirudishwa pia. Barua tumeandika, tunaomba vitu viwili: mwenye ordonansi apite saa yoyote, na kikundi njo kizuiwe, si mtoto mumoja mumoja. Kesho saa tatu tuko pale kwa jera, mukubwa wa galeri. Binti nimemuambia avae bule-bla yake ya masomo akuje na sisi, aeleze yeye mwenyewe vile alisimama pale inje.