Jiko tupu la kisasa, lakini nina kinu cha mama

MamaWaBuhongwa: Wakuu, habari za jioni. Namalizia nyumba Buhongwa, hapa Mwanza, jiko ni mita 3 kwa 2.4. Nimependa yale ya kisasa: makabati meupe yasiyo na vishikio, kaunta tupu, ukutani hakuna rafu. Ila nina kinu cha marehemu mama, masufuria matano ya shughuli, na sato hukaangwa kwangu karibu kila siku. Fundi anasema nitajuta. Kweli?

Fundi_Kirumba: Dada, hutajuta ukipanga mapema. Chini ya sinki usikubali MDF, ile mbao ya unga wa mbao na gundi. Ikinywa maji inavimba na hairudi. Jenga kwa tofali, juu terazo, milango tu iwe ya mbao. Masufuria yawekee droo ndefu za chini. Ukivuta unayaona yote, huna haja ya kuchutama na kupapasa gizani. Dirishani weka wavu wenye matundu madogo sana, wadudu wa ziwani wakija wanajaa kwenye kila kitu cheupe.

Nyegezi77: Mwaka 1926 msanifu majengo Margarete Schütte-Lihotzky alibuni jiko la Frankfurt, kule Ujerumani, kama mita 1.9 kwa 3.4 tu. Alipunguza hatua za mpishi, vyombo vilibaki, kila kimoja na mahali pake. Kinu usikifiche, dada. Kiache pembeni peke yake.

MamaWaBuhongwa: Hapo kwenye kinu umenigusa. Na samaki?

Fundi_Kirumba: Kibaraza cha nyuma, chenye paa. Mafuta ya sato yakizoea kabati jeupe, hayatoki.

MamaWaBuhongwa: Kesho naongeza mabati manne.