Tupeane uzoefu: mnaofanya triathloni Tanga, mnapangaje mazoezi na bahari hii?

Mapezi
Wakuu, salaam. Tunaochanganya kuogelea, baiskeli na kukimbia hapa Tanga hatujawa wengi, ila siku hizi nikipita Raskazone alfajiri naona sura mpya. Basi tupeane uzoefu.

Mimi nalenga umbali mfupi: mita 750 majini, kilomita 20 za baiskeli, kilomita 5 kwa miguu. Programu zote nilizopakua zimeandikwa kwa mtu mwenye bwawa: Jumanne kuogelea, Alhamisi kuogelea. Bahari yetu haijui Jumanne. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji yanajaa kama saa kumi jioni, nikitoka kazini naingia moja kwa moja. Wiki inayofuata, saa hiyohiyo yamekupwa, unatembea na miwani kichwani ukitafuta kina cha kiuno. Nikaamua maji ndiyo yapange wiki yangu, baiskeli na mbio zijaze panapobaki. Tangu hapo nimeacha kugombana na ratiba.

Maendeleo yapo. Zamani sikuthubutu kuogelea bila mtumbwi wa kushikilia, sasa mita 750 namaliza bila kusimama, japo bado nainua kichwa mno nikivuta pumzi na kiuno kinazama. Mtihani ni ile kilomita ya kwanza ya kukimbia ukishashuka kwenye baiskeli. Miguu si yako kabisa.

Nyie mnafanyaje? Na mbio zenu zijazo ni zipi?

BintiChumbageni
Kaka Mapezi, umenigusa. Mimi nimetokea kwenye mbio, nusu marathoni ya Moshi nimeshaikimbia na ule mlima wake, kwa hiyo kukimbia hakunitishi. Kunakonitoa jasho ni majini.

Niseme la Ramadhani maana wengi huacha mazoezi mwezi mzima. Nilikuwa nakimbia taratibu kabla ya futari, nahesabia nifike nyumbani na adhana. Mazoezi mazito ya baiskeli, ile ya kukanyaga bila kwenda popote, nikayasogeza baada ya tarawehe. Kuogelea niliacha kabisa. Bahari haikuulizi kama umefunga, wimbi likikupiga mdomoni umeshameza.

Navaa suti ndefu na kilemba cha kuogelea. Mbio zangu zijazo ni pwani ya Kenya mwishoni mwa mwaka, umbali wa Olimpiki: mita 1,500, kilomita 40, kilomita 10. Waandaaji nimewauliza mapema kuhusu vazi, wamesema halina shida. Dada zangu, ulizeni kabla ya kulipa ada.

Fundi wa Ngamiani
Nyie wanamichezo mnaua baiskeli. Unatoka baharini unadondosha maji ya chumvi, unapanda hivyohivyo, ukirudi unaiegemeza ukutani mpaka wiki ijayo. Halafu unaniletea gia za nyuma zimeshika kutu unasema mtumba mbovu!

Suuza kwa maji ya bomba, kausha kwa kitambaa, hasa pale cheni inapopita kwenye vigurudumu viwili vya chini. Kisha tone moja la mafuta kwenye kila pingili ya cheni, zungusha pedali kinyumenyume, futa yanayozidi. Yakibaki yanashika mchanga. Na mafuta ya kula hapana jamani, nimeshayaona.

Jingine ni upepo. Barabara ya Pangani wakati wa kusi, kwenda unaukabili, kurudi unakusukuma. Kaskazi ikiingia inageuka: unafika Kigombe unajiona bingwa, kurudi ndipo mnapojuana. Usijipime kwa muda wa kwenda peke yake.

Mgeni wa Jiji
Samahani kwa swali la kijinga. Kwa nini tusianze kukimbia kungali baridi, tukamalizia kuogelea jua likishakuwa kali?

Mapezi
Si la kijinga mkuu. Mashindano ya San Diego ya 1974, ambayo ndiyo yaliyozaa mchezo huu, yalikuwa hivyohivyo, wakakimbia kwanza na kuogelea mwisho. Hawaii 1978 wakaanza na maji, na Olimpiki ya Sydney 2000 ikafuata utaratibu huohuo. Ukichoka barabarani unakaa chini ya mwembe. Majini utakaa wapi?

Baharia Mstaafu
Wanangu, msielekee upande wa bandari. Tagi na matishari hayaoni kichwa cha mtu. Fuateni ufuko, vaeni kofia ya rangi kali, na asiingie mtu peke yake.

Mapezi
Shikamoo mzee, tumesikia. Basi napendekeza mwezi ujao tufanye jaribio letu wenyewe, umbali mfupi. Tuchukue Jumapili iliyo karibu na siku ya tatu au ya nne baada ya mwezi mpevu, maana hapo maji yanajaa kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi, na barabara bado haina magari mengi. Mtumbwi mmoja utusindikize. Helmeti ifungwe kabla hujagusa baiskeli, kama kanuni zinavyotaka, tuzoee. Na hakuna kujificha nyuma ya gurudumu la mwenzako kukwepa upepo.

Fundi, utakuja?

Fundi wa Ngamiani
Nitakuja na pampu. Tyubu kila mtu na yake.