Nakopi oda 40 kwa siku mpaka vidole vinauma. Kuna kiendelezi cha Chrome cha kuniokoa?

Mama Doti
Wakuu, habari za jioni. Nauza vitenge mtandaoni, niko Dar, mizigo mingi inakwenda mikoani. Mteja ananiandikia WhatsApp, mimi nakaa na kompyuta: nakopi jina, napesti Google Sheets. Narudi, nakopi namba ya simu. Narudi tena, mkoa, idadi ya doti. Nikimaliza, yale yale nayajaza upya kwenye tovuti ya wasafirishaji, kisanduku kimoja kimoja. Siku nzuri oda 40.

Juzi nilichanganya mistari miwili, doti za Songea zikapanda basi la Sumbawanga. Mteja alikuwa na sendofu Jumamosi. Alichoniambia sikiandiki hapa.

Mdogo wangu anasema kuna viprogramu vya kubandika kwenye Chrome, viendelezi, vinafanya kazi hiyo vyenyewe wewe unakunywa chai. Kipi kizuri? Na usalama je? Kompyuta hii hii ndiyo naingilia benki.

Kijiwe Nongwa
Ajiri shemeji.

Fundi wa Usiku
Dada, pole na ya Sumbawanga. Vipo. Mimi natumia UI.Vision: unabonyeza kurekodi, unajaza oda moja kwa mkono, yeye anakumbuka ulipobofya na ulichoandika, kisha anarudia akisoma mistari ya faili la CSV, yaani jedwali lako ukilihifadhi kama maandishi yaliyotenganishwa kwa mkato. Kingine ni Automa, ambacho unapanga vipande vya hatua kama watoto wanavyopanga matofali, na kinaweza kusoma Sheets moja kwa moja. Vyote unaanza bila kulipa.

Ila nikuambie ukweli ambao wauza kozi hawausemi: kiendelezi cha kurekodi hakijui oda ni nini. Kinajua tu kwamba kisanduku cha tatu kinajazwa namba ya simu. Wenye tovuti wakihamisha kisanduku usiku, asubuhi unaweza kuamka una mizigo 40 yenye mikoa kwenye nafasi ya majina, na kisikuambie kitu. Kwa hiyo mwachie ajaze, kitufe cha kutuma bonyeza mwenyewe.

Kuhusu benki, hofu yako ni ya haki. Kiendelezi kikiomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha data kwenye tovuti zote, maana yake ni hiyo hiyo, benki imo. Na kuwa na watumiaji wengi si kinga. The Great Suspender, kiendelezi cha kulaza tabo usizotumia, kilikuwa na watu kama milioni mbili, mwenye nacho akakiuza 2020, na Februari 2021 Google wakakiondoa kwa kuwa na programu hasidi. Watu hawakuwa wamebadilisha chochote. Aliyebadilika ni mwenye mali. Fungua wasifu (profile) wa pili wa Chrome kwa ajili ya oda tu, viendelezi weka huko. Benki ibaki kwenye wasifu usio na kiendelezi hata kimoja.

Binti Pangani
Naongezea: asikudanganye mtu ukaweka kiendelezi cha kutuma meseji kwa wateja wote kwa mkupuo kupitia WhatsApp Web. Masharti yao yanakataza, namba inafungiwa. Na namba yako ndiyo duka.

Halafu mbona mnakimbilia roboti? Nusu ya kukopi haitakiwi kuwepo. Tengeneza Google Forms: jina, simu, mkoa, doti. Mteja akiandika WhatsApp mtumie kiungo ajaze mwenyewe, majibu yanaingia Sheets papo hapo. Akikosea mkoa, kosa ni lake.

Mama Doti
Wateja wangu wengine ni mama zangu kabisa, fomu hawataki. Wanatuma sauti ya dakika nne, oda iko dakika ya tatu.

Binti Pangani
Hao jaza wewe, kwenye fomu hiyo hiyo. Vijana wajaze wenyewe.

Mzee wa Jedwali
Kabla ya yote, umewauliza wasafirishaji kama wanapokea faili la oda nyingi kwa pamoja?

Mama Doti
Nimerudi baada ya siku tano. Fomu inafanya kazi, zaidi ya nusu wanajaza wenyewe. Na Mzee, shikamoo. Nimewapigia. Kitufe cha kupakia faili kipo, kimekuwepo siku zote, pale juu pembeni karibu na jina langu. Mwaka mzima nakiangalia!

Kiendelezi sijaweka bado. Tatizo ni kwamba leo nimepakia oda 31, mfumo umekataa 11, zote nilizozipesti mwenyewe kutoka WhatsApp. Unasema namba ya simu si sahihi, na mimi nikiangalia naona ni sawa.

Mzee wa Jedwali
Marahaba. Hesabu tarakimu. Sheets ikiona 0754 inadhani ni hesabu, inakula sifuri ya mbele. Chagua safu nzima ya simu, ifanye maandishi matupu, kisha pesti upya.

Mama Doti
Tarakimu tisa. Zote 11.