Nimegombea uongozi wa chama cha wanadiplomasia Marekani, sasa serikali imefuta haki ya majadiliano. Nijitoe au niendelee?

MwanaNgamiani (mleta mada)

Wakuu salaam. Naombeni mnisome hadi mwisho, najua ni ndefu.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, niko Marekani miaka mingi, nilishachukua uraia na nafanya kazi wizara ya mambo ya nje ya huku upande wa mitambo ya kompyuta na mawasiliano. Sio balozi jamani, sisi ndio tunaohakikisha balozi akinyanyua simu inaita. Nimeshatumikia vituo vinne nje, sasa hivi nimerudishwa Washington, naishi Virginia na mume wangu wa Mombasa na watoto wawili.

Huku wafanyakazi wa utumishi wa nje tuna chama chetu, AFSA. Kilianza 1924, mwaka uleule Congress, yaani bunge la huku, ilipounda utumishi wenyewe, na tangu 1973 ndicho kilichokuwa kinatambuliwa kutuwakilisha mbele ya mwajiri. Kila miaka 2 kuna uchaguzi wa bodi. Mwaka huu wa 2025 nikajitosa, nikachukua fomu kuwania ujumbe wa bodi upande wa wizara, jina likapita.

Sasa Machi 27 Rais Trump akasaini amri namba 14251 inayoondoa haki ya majadiliano ya pamoja kwenye wizara na mashirika kibao ya serikali kuu, na sisi tumo, sababu iliyoandikwa ni usalama wa taifa. Muda wa kazi ambao viongozi walikuwa wanaruhusiwa kutumia kwa shughuli za chama ukaondoka, na ada ikaacha kukatwa kwenye mshahara. Juzi nimefungua slipu yangu nikashuka na kidole mstari kwa mstari, bima, kodi, akiba ya uzeeni, nikafika pale ulipokuwaga mstari wa chama, haupo. Nilikaa naiangalia ile slipu kwa muda mrefu sana.

Chama kimeshaenda mahakamani Aprili 7. Lakini kila siku fununu za kupunguzwa watu zinazidi, wenzetu wa USAID, shirika la misaada la Marekani, mmeona wenyewe walivyofutwa kazi, na mama yangu pale Tanga anategemea ninachotuma kila mwezi, na mkopo wa nyumba bado mbichi. Mume wangu ananiambia jina lako likiwa kwenye karatasi ya kura ya chama ambacho serikali haikitaki ndio wa kwanza kukumbukwa. Shosti wangu wa kazini yeye anasema nikijitoa sasa nisimwangalie usoni.

Nijitoe au niendelee? Na kama naendelea naahidi nini watu, wakati hata haki ya kukaa mezani na mwajiri hatuna?

Kisiwani77

Dada pole kwanza. Swali la mtu asiyejua, kwani wanadiplomasia nao wana chama cha kutetea maslahi? Siku zote najua hao ndio wenye maslahi. Huwa mnajadili nini, mshahara?

MwanaNgamiani (mleta mada)

Kisiwani77 mshahara hatujadili, huo unapangwa na Congress, na kugoma ni marufuku kisheria. Kinachojadiliwa ni taratibu. Vigezo vya kupandishwa cheo, jinsi nafasi za vituo zinavyogawiwa, malalamiko yanasikilizwa vipi. Unaweza ukaona ni vitu vidogo ila utumishi wetu ni wa kupanda au kutoka, usipopanda cheo ndani ya miaka iliyowekwa unaondoka, kwa hiyo aya moja mbaya kwenye faili lako inaweza kukutoa kazini miaka mitano baadaye.

Ngoja nikupe langu. Nilikuwa kituo kimoja, sitakitaja, nikapata ujauzito wa huyu wa pili na utaratibu unataka usafiri ukajifungulie kwenye hospitali za uhakika, unaondoka wiki kadhaa kabla na kurudi wiki kadhaa baada. Nikarudi na kichanga. Kwenye tathmini ya mwaka bosi wangu akaandika kwamba "kutokuwepo kwake kwa muda mrefu kuliathiri kazi za kitengo". Sentensi moja tu. Nikampigia wakili wa chama, kwake mchana kwangu saa tano usiku, mtoto ananyonya, tukaipitia ile fomu neno kwa neno, akaniambia usinyamaze, hii tunaiandikia. Ilichukua miezi saba. Ile sentensi ilifutwa, na mwaka uliofuata nikapanda cheo. Mimi nilikuwa nalipa ada tu kama watu wengine, sikuwahi kuhudhuria hata mkutano mmoja. Ndio maana nilichukua fomu.

BabaWawili_Dodoma

Mimi nitakuambia ambalo wengine hawatakuambia. Jitoe. Una watoto na una mama. Kiongozi wa chama akifukuzwa wanachama wanamchangia wiki mbili halafu basi, niliona kwa baba yangu mdogo kiwandani miaka hiyo, alisimama mbele kuwatetea watu, alipoachishwa walikuja nyumbani mara ya kwanza na sukari na mchele, mara ya pili hawakuja. Sisemi wewe ni mwoga. Nasema hesabu kwanza utaishi miezi mingapi bila mshahara, kama ni chini ya sita usiingie.

Mama Salha

Dodoma umesema kweli kwenye hesabu ila hapo kwenye kujitoa nakupinga. Kwani akijitoa ndio hatapunguzwa? Hao USAID waliofutwa kazi walikuwa wagombea wa chama? Amri imefuta haki za wote, waliogombea na waliokaa kimya.

Odhis_wa_Kondele

Sister, mimi niko Kisumu, nitakupea ya kwetu. Madaktari wa huku walisaini CBA, ule mkataba wa majadiliano ya pamoja, 2013, serikali ikakaa nayo, wakagoma Desemba 2016, na Februari 2017 korti ikawafunga viongozi saba wa union, KMPDU. Unajua nini kilifanyika? Watu ambao walikuwa wameanza kuchoka na mgomo ndio wakakasirika zaidi. Mgomo ulifika siku 100. Nyinyi hamuwezi kugoma, naelewa, lakini angalia kile kilibeba hao watu: hakuna aliyeuliza kama union inatambuliwa, kila daktari alikuwa anajua jina la mwakilishi wake na namba yake ya simu. Kama wewe ni candidate na members mia moja hawana namba yako, anzia hapo.

Mzee wa Silver Spring

Binti shikamoo zako nimezipokea kimoyomoyo. Nimefanya kazi serikali kuu ya huku miaka 27, nimestaafu, sikuwa wizara yenu lakini vyama vya wafanyakazi navijua. Nikuwekee mambo matatu sawa.

La kwanza, haki hii haikudondoka toka mbinguni. Rais Kennedy aliitoa kwa amri 1962. Ninyi wa utumishi wa nje mliwekewa kwenye sheria kabisa, ile Foreign Service Act ya 1980, na ndani ya sheria hiyohiyo kuna mlango kwamba rais anaweza kutoa nje kitengo ambacho kazi yake ya msingi ni ujasusi, upelelezi au usalama wa taifa. Huo mlango ndio umetumika sasa hivi kupitisha wizara nzima. Mahakamani huko ndiko watakakobishania, kama mlango wa kitengo unaweza kupitisha nyumba. Kwa hiyo usiwaambie watu sheria imefutwa, sheria ipo.

La pili, usije ukashawishika na maneno ya jazba kwenye magrupu mkafanya kitu cha kuacha kazi kwa pamoja. Agosti 1981 waongoza ndege waligoma wakidhani ni wengi mno kufukuzwa. Rais Reagan aliwapa saa 48 kurudi kazini. Walifukuzwa zaidi ya 11,000 na chama chao kikafutiwa usajili Oktoba ileile. Nilikuwa mgeni nchi hii, nakumbuka jirani yangu akishusha vitu kwenye gari.

La tatu ni dogo ila ndilo litakalokuponza. Usifanye kampeni kwa barua pepe ya ofisi, wala kompyuta ya ofisi, wala kuprinti hata karatasi moja pale. Sheria za uchaguzi wa vyama zinakataza kutumia mali ya mwajiri. Tumia simu yako, nyumbani kwako, muda wako. Wakitafuta sababu wasiipate kwako. Halafu soma na kile kifungu cha 1017(e) cha sheria hiyo ya 1980, kuna nafasi za usimamizi ambazo ukizishika haziendani na uongozi wa chama, na zuio linaendelea miaka 2. Kama ulikuwa na ndoto ya cheo fulani, jua mapema unachokiweka rehani.

MwanaNgamiani (mleta mada)

Mzee shikamoo, na asante sana. Hiyo ya barua pepe nilikuwa karibu kuikosea, nilishaandika rasimu nikiwa kwenye dawati langu. Nimeifuta.

Katibu Mstaafu (Moro)

Nilikuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi hapa Morogoro miaka kumi na moja, kwa hiyo nikuongezee pale ulipouliza unaahidi nini.

Usiahidi kurudisha haki, hiyo iko mikononi mwa majaji. Ahidi daftari. Namaanisha daftari kweli, la majina. Makato ya mshahara ni matamu lakini yanalemaza. Ada inaingia yenyewe, kiongozi hamjui mwanachama, mwanachama hamjui kiongozi, wanakutana siku ya matatizo. Sisi mwajiri mmoja alitusitishia makato miezi minne wakati tunasubiri mkataba wa hali bora. Wiki ya kwanza tulikusanya kwa watu kumi na tisa kati ya mia mbili na zaidi. Nilitaka kulia. Tukagawana majina, kila mjumbe watu kumi, sio kuwatumia meseji, kuwafuata. Unakaa na mtu anakumwagia yote, kwamba mlikuwa wapi mwaka juzi nilivyohamishwa, unasikiliza, hubishi, ukimaliza ndio unamwambia ada ni hii inalipwa hivi. Mwezi wa nne tulikuwa na mia na sitini, na nilikuwa najua matatizo ya kila mmoja kuliko miaka yote iliyotangulia.

Watu wenu wako dunia nzima, hamuwezi kufuatana, lakini simu ipo. Usitume waraka. Piga.

Kisiwani77

Hiyo ya daftari nimeiiba, naipeleka saccos yetu.

Mama Salha

Dada mume umeongea naye vizuri lakini? Sio kumwambia umeamua, kukaa naye. Mtu wa Mombasa ukimwekea chai na mahamri saa kumi jioni anasikiliza.

MwanaNgamiani (mleta mada)

Nimekaa naye Mama Salha. Niwaambie nilichomwambia maana ndio jibu langu pia.

Agosti 7, 1998 nilikuwa mwanafunzi Dar. Tulikuwa darasani asubuhi, madirisha yakatikisika, mwalimu akatutoa nje tukaona moshi upande wa Oysterbay. Dar walikufa watu 11, Nairobi zaidi ya 200. Nilipoingia kazini, siku ya kwanza kabisa kupita mlango wa wizara wa C Street nikakuta ukutani kuna vibao vya mawe vyenye majina ya waliofia kazini nje, na Wamarekani waliouawa Nairobi wamo. Vibao hivyo vinatunzwa na chama. Wizara imetoa ukuta, chama ndicho kinachoandika jina. Mume wangu hakuwa anajua hilo, alikaa kimya halafu akaniuliza, sasa chama kikifa nani ataandika? Hakuniambia endelea. Ila kesho yake asubuhi nilikuta amepiga hesabu nyuma ya bahasha, miezi mitano na nusu tunaweza kuishi kwa mshahara wake. Baba Wawili, imepungua nusu mwezi kwenye kipimo chako, naomba uniruhusu.

Naendelea. Leo nimepiga simu saba.

BabaWawili_Dodoma

Nakuruhusu, na nakuombea.

MREJESHO, Julai 2025 (MwanaNgamiani)

Wakuu wengi mmeniuliza PM, samahani kwa kimya.

Mei 14 Jaji Friedman wa Washington aliipa AFSA zuio la muda dhidi ya ile amri, tulilia kwa furaha kwenye simu. Juni 20 mahakama ya rufaa ikalisimamisha lile zuio wakati kesi inaendelea, kwa hiyo tumerudi pale pale bila meza. Kura zilihesabiwa katikati ya hayo yote na nimepita. Daftari langu lilikuwa na majina 143, kati yao 97 wamehamia kulipa ada wenyewe kwa kadi. Katibu, ulisema kweli, wa kwanza kumpigia alinifokea dakika arobaini.

Bodi mpya inaanza kazi Julai 15. Ijumaa ya Julai 11, siku nne kabla, barua za kupunguzwa zilitoka. Zaidi ya watu 1,300 wizarani kwa siku moja, 246 wakiwa wa utumishi wa nje. Mimi sikupata barua. Dawati la pili kutoka kwangu alipata, mama mmoja tuliwahi kuwa naye kituo kimoja, na vijana wawili wa kitengo chetu.

Mchana watu wakashuka kwenye ukumbi wa chini, wakapanga mistari miwili hadi mlangoni, na kila aliyetoka na boksi lake alipigiwa makofi mpaka nje. Nilikuwa nimesimama upande wa vibao. Yule mama alipofika kwangu akasimama, ana ua la chungu juu ya boksi, akaniuliza kwa sauti ndogo, yule wakili aliyekusaidia ile tathmini yako bado yupo? Nikamwambia yupo. Nikamshikia boksi, akatoa simu yake, nikamtajia namba tarakimu kwa tarakimu.