Nimeambiwa "run a bath", nikatoka mbio

Kutoka: Kijana, Birmingham

Shikamooni wakubwa zangu. Nina mwezi wa pili huku, nafanya kazi kwenye nyumba ya kulea wazee. Juzi asubuhi kiongozi wa zamu aliniambia "run a bath" kwa bibi wa chumba cha mwisho. Mimi nilichodaka ni "run" na "bath" tu. Nikatoka mbio mpaka bafuni nikijua bibi kaanguka. Kufika, bafu kavu, bibi mwenyewe yuko kitandani anakunywa chai. Wananicheka hadi leo. Jioni, wakati wa kukabidhiana zamu, nikalihesabu hilo neno "run": mara saba, na hakuna hata mtu mmoja aliyekimbia. Jamani, kidato cha nne nilipata B ya Kiingereza. Kuna orodha mahali niikariri?

Kutoka: Anko, Magomeni

Marahaba mwanangu. Orodha ipo, ila huiwezi. Kwa hesabu iliyotangazwa mwaka 2011, kamusi kubwa ya Oxford ilikipa kitenzi hicho peke yake maana 645. Mhariri aliyekishughulikia, Peter Gilliver, alikaa nacho miezi tisa, mimba nzima. Kabla ya hapo aliyetamba ni "set", mwenye maana 430 katika toleo la 1989. Kwa hiyo wanaokucheka nao hawazijui zote.

Tatizo lilianzia ubaoni. Mwalimu wetu aliandika run = kimbia, akafuta, akaenda somo jingine. Mimi hiyo kimbia niliibeba mpaka mji wa Reading, huko huko Uingereza, na nikakaa nayo miaka. Septemba 2007 nikaona kwenye televisheni foleni ndefu nje ya matawi ya benki ya Northern Rock, na chini yake maandishi: "run on the bank". Nikampigia mke wangu simu, nikamwambia benki imevamiwa, majambazi wamekimbia na fedha! Kumbe waliokuwa mbioni ni wateja wenyewe, kila mtu anataka akiba yake kabla benki haijakauka. Uingereza ilikuwa haijaona jambo kama hilo kwa zaidi ya miaka 100. Ilibidi serikali itangaze kwamba inadhamini amana, ndipo watu wakaanza kutulia. Mke wangu bado ananikumbusha hao majambazi wangu kila tukipita benki.

Dawa niliyoipata ni hii. Ukilisikia hilo neno, kimbia iweke pembeni, anza na enda pamoja na watoto wake, endesha na endelea. Mtu "runs" duka: analiendesha. Basi "runs" kila dakika kumi: linakwenda. Mkataba "runs" mpaka Juni: unaendelea mpaka Juni. Bafu la yule bibi nalo ni hivyo hivyo, ulitakiwa ufungue bomba maji yaende, bafu lijae, upime joto kabla hajaingia. Na kuna lile la aibu ambalo kwa kazi yako hutalikwepa: mzee akikwambia ana "the runs", ujue tumbo linamwendesha. Unaona? Waingereza na sisi tumekutana chooni bila kupanga. Ila hilo usicheke tu, liandike kwenye kumbukumbu za zamu. Na likikupata wewe, utaratibu wa huko ni kubaki nyumbani mpaka saa 48 zipite tangu lilipokatika. Si kama huku Dar, mtu anakunywa dafu moja halafu anapanda daladala.

Enda haifungui kila mlango. "We've run out of gloves" ni glavu zimetuishia, kama LUKU ilivyoniishia jana usiku katikati ya taarifa ya habari. "Running a temperature" ni ana homa. "Run it by me first" ndiyo uishike kuliko zote: maana yake usiguse kitu mpaka umenieleza. Namjua mtu aliyeisikia kama "fanya haraka", akafanya haraka kweli, akaandikiwa barua ya onyo. "Running late" sina haja ya kukufundisha, ni yule anayesema nipo Ubungo nakaribia, kumbe bado anatafuta soksi.

Wakianza siasa, angalia nani anaongea. Mmarekani anayetaka uongozi "runs", Mwingereza "stands", sisi tunagombea. Mmoja anakimbia, wa pili kasimama, wa tatu anang'ang'ania. Nadhani Kiswahili ndicho kimesema ukweli.

Kutoka: Dada, Leicester

Anko wanaume mnasahau kufua! Mdogo wangu, nguo ikiwa na kibandiko kinachosema rangi zake zinaweza "run", maana yake inachuja. Mimi nililetewa doti ya kanga mpya kutoka Mtaa wa Uhuru, nikaitupa mashineni pamoja na sare zangu nyeupe za kazi. Nilikwenda zamuni wiki nzima nimevaa waridi. Siku hizi kanga mpya naifua peke yake kwa mkono, mara mbili tatu, kwenye beseni.

Halafu kwetu shida imegeuka. Binti yangu kazaliwa hapa, Kiswahili chake anakifikiri kwa Kiingereza. Juzi kafungua friji, kaniita: "Mama, maziwa yametukimbia!" Baba yake akauliza yamekimbilia wapi. Naye mtoto akatugeuzia kibao: mbona nyie mnapiga mswaki, mnapiga pasi, mnapiga deki, vimewakosea nini? Nikanyamaza.

Kutoka: Kijana, Birmingham

Asanteni sana. Anko, leo dawa yako imefanya kazi mara nne nimehesabu, ya tano ikagoma. Kiongozi kaniangalia akasema "you look run down". Nikamwambia hapana, sijagongwa na gari, nimekuja kwa treni. Wamecheka tena. Mwenzangu kanieleza kwamba ananiona nimechoka, na kweli, hii ni zamu ya sita mfululizo. Nayo inaingia kwenye enda?

Kutoka: Anko, Magomeni

Inaingia. Saa ya ukutani ya zamani, usipoitia ufunguo, inakwenda, inakwenda, mpaka inasimama. Kaombe siku ya mapumziko ulale.