Kwa nini neno moja la Kiingereza hubeba maana mbili zinazopingana?

Mdadisi:
Ndugu wanajukwaa, kazi yangu ni kutafsiri maandiko ya Kiingereza, na kuna maneno ambayo hunichekesha kabla hayajanitoa jasho. "Cleave" ni kupasua, na pia ni kung'ang'ania. "Sanction" ni kibali, na papo hapo ni adhabu. "Oversight" ni usimamizi makini, na vilevile ni kupitiwa na jambo, hivyo ripoti inapotaja "oversight" ya bodi, msomaji anaweza kujiuliza kama bodi ilikesha au ilisinzia. Je, mambo haya yana sababu?

Mpenda Kamusi:
Yana sababu, ila si moja. "Cleave" ni vitenzi viwili tofauti: katika Kiingereza cha kale kupasua kulikuwa "clēofan" na kushikamana "clifian", kisha matamshi yakasogeleana hadi vyote vikaandikwa namna moja. "Sanction" ilitoka Kilatini ikiwa na wazo la kuipa sheria nguvu, na sheria yenye nguvu humruhusu anayeifuata na kumwadhibu anayeivunja, kwa hiyo maana zote mbili ni watoto halali.

Ninalolipenda zaidi ni "fast". Hapo mwanzo lilimaanisha imara, lisilotikisika. Likaanza kutumika kwa mtu anayefanya jambo kwa nguvu bila kulegea, halafu kwa anayekimbia hivyo, na mwisho likawa kasi yenyewe. Ndiyo maana mashua iliyofungwa "fast" haisogei hata kidogo, ilhali inayokwenda "fast" imekwisha kupotea machoni.

Msomaji wa Lebo:
Mimi nina kioja cha upande wa pili, yaani maneno yanayoonekana kupingana kumbe ni mamoja. "Flammable" na "inflammable" yote humaanisha kitu kinachoshika moto upesi. Kilatini kina viambishi viwili vya "in-", kimoja cha kukanusha na kingine chenye maana ya ndani, na hiki cha pili ndicho kilichomo humu. Kwa kuwa anayedhani kwamba ni kanushi anaweza kuungua, miaka ya 1920 chama cha kuzuia moto cha Marekani, NFPA, kilihimiza "flammable" litumike badala ya lile refu. Ni nadra kwa wazimamoto kurekebisha kamusi.

Mhariri Mkongwe:
Tusiwacheke kupita kiasi, kwani sisi tuna "kuazima": aliyetoa ameazima, na aliyepokea naye ameazima, wala hatugombani, kwa sababu sentensi huonyesha kitu kimeelekea kwa nani. Waingereza nao hufanya hivyo kwa "dust", ambalo ni kufuta vumbi mezani au kunyunyizia keki sukari ya unga.

Ndugu Mdadisi, sarufi itakusaidia kuliko historia. Ukikuta "an oversight", au wingi wake "oversights", ni kosa la kupitiwa. Neno hilo likimaanisha usimamizi kwa kawaida halihesabiki. "Sanctions" kwa wingi, hasa katika habari za mataifa, ni vikwazo. Kitenzi "to sanction" ndicho kigumu: mara nyingi ni kuidhinisha, lakini katika maandiko ya sheria chaweza kuwa kuadhibu, na muktadha usipoamua, mimi humwandikia mwenye maandiko nikamuuliza.