Sikio la Bosi

*Neema:* Shikamooni. Jamani mbwa wetu Bosi hajalala. Usiku kucha anatikisa kichwa, akijikuna sikio la kushoto analia. Ndani ni jekundu, kuna uchafu wa kahawia unaonata, harufu kama unga uliochacha.

*Shangazi Rehema:* Marahaba mwanangu, poleni. Harufu hiyo mara nyingi ni fangasi. Uchafu mweusi mkavu kama unga wa kahawa, shuku utitiri. Usaha wa njano au kijani, bakteria. Ila pua haitoshi, lazima daktari wa mifugo aupime kwa hadubini.

*Juma:* Nina matone yaliyobaki ya mbwa wangu, niyalete?

*Shangazi Rehema:* Hapana Juma, tafadhali. Tundu la sikio la mbwa hushuka chini kisha likapinda kuelekea ndani, ngoma ya sikio huioni kwa tochi ya simu. Kama imetoboka, kuna dawa zikipenya humo zinamfanya kiziwi. Na vijiti vya pamba msiguse.

*Baba Neema:* Sasa tutajuaje kama limezidi?

*Shangazi Rehema:* Neema, mwite Bosi aje kwako umtazame. Kichwa kimelalia upande? Anayumba? Macho yanachezacheza? Uso umelegea upande mmoja?

*Neema:* Anatembea sawa. Ila nikigusa chini ya sikio anaruka na kulia, na tundu limevimba hadi limebaki jembamba.

*Shangazi Rehema:* Afadhali, huenda halijafika ndani. Lakini kwa maumivu hayo apelekwe leo leo. Wangu nilimchelewesha, akatikisa kichwa mpaka mshipa ukapasuka, sikio likajaa damu, likavimba kama andazi. Bado inaniuma. Daktari wake alikuwa anatoa alama: wekundu, uvimbe, vidonda, uchafu, kila kimoja 0 hadi 3, jumla 12. Tulianza na 9, tuliporudi 4. Mwombe na wenu aandike.

*Neema:* Nimepata nafasi saa tisa. Nimsafishe kwanza?

*Shangazi Rehema:* Usimsafishe, aukute uchafu ulivyo.

*Neema:* Tumerudi. Ngoma nzima, alhamdulillahi! Ni fangasi. Wekundu 2, uvimbe 2, vidonda 0, uchafu 3. Jumla 7. Turudi baada ya siku 14, na dawa tusikatishe hata akionekana mzima. Daktari ameuliza kama Bosi hulamba miguu, anashuku mzio (aleji) ndio chanzo.

*Baba Neema:* Analamba! Vidole vya mbele, kila jioni. Nilidhani anajisafisha tu.

*Neema:* Ngoja nimpigie nimwambie sasa hivi.